Dawa ya kikohozi yenye kodeini isipimwe kwa kijiko cha chai

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo lebo ya chupa hailisemi vya kutosha. Dawa ya maji ya kikohozi na mafua yenye kodeini hutolewa kwa cheti cha daktari, lakini ikishafika nyumbani hutumiwa kama dawa nyingine yoyote ya kikohozi. Hukaa kabati moja na dawa za watoto, hupimwa kwa kijiko chochote kilicho karibu, na ikibaki huwekwa akiba kwa ajili ya mwingine atakayekohoa. Mazoea hayo yameshaua watu, na yanatokana na kutojua kodeini inafanya nini ikiingia mwilini.

Kodeini na mofini, ile dawa kali ya maumivu, ni za ukoo mmoja; asili yake ni afyuni. Kodeini yenyewe ina nguvu ndogo. Ikifika kwenye ini, kimeng'enya (protini inayobadilisha dawa mwilini) kiitwacho CYP2D6 hugeuza sehemu yake, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, kuwa mofini, na hiyo mofini ndiyo hasa inayoleta usingizi na kupunguza kasi ya kupumua. Tatizo ni kwamba hatukuzaliwa na kimeng'enya hicho kwa kiwango kimoja. Wapo ambao ini lao hugeuza kidogo mno, wakanywa dawa na wasione nafuu. Wapo pia ambao hugeuza nyingi tena kwa haraka, wakajikuta na mofini ya hatari kutokana na dozi iliyoandikwa sawasawa na kupimwa sawasawa. Hawa wamekutwa kwa wingi zaidi Ethiopia na Afrika Kaskazini kuliko Ulaya Kaskazini, ila wapo kila mahali, na huwezi kumjua mtu kwa kumtazama. Mililita 5 alizokunywa kaka mtu bila shida hazikuhakikishii lolote kuhusu mililita 5 atakazokunywa mdogo wake.

Ndiyo maana watoto wamekatazwa. Baada ya vifo vya watoto waliopewa kodeini kutuliza maumivu ya upasuaji wa mafindofindo, Marekani mwaka 2013 ilipiga marufuku matumizi hayo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia kodeini ya kikohozi na mafua kwa walio chini ya miaka 12. Marekani ikaweka zuio kama hilo mwaka 2017, na Januari 2018 ikaamua kwamba dawa za kikohozi na mafua zenye kodeini ziwe za wenye miaka 18 na kuendelea tu. Mzazi asidhani kwamba robo ya dozi ya mtu mzima itamfaa mtoto. Hakuna kipimo kidogo cha kubahatisha hapa. Mama anayenyonyesha naye asiitumie, kwa sababu mofini hupita kwenye maziwa. Kama ameshainywa na mtoto analala kupita kawaida, analegea, hanyonyi au anapumua kwa shida, ni hospitali saa ileile, si kesho.

Sasa kipimo. Kwa mtu mzima, dozi ya kawaida ya kikohozi ni miligramu 10 hadi 20 kila baada ya saa 4 hadi 6, na jumla kwa saa 24 isipite miligramu 120. Kikomo hicho ni cha kodeini peke yake. Dawa iliyochanganywa huwa na kikomo cha chini zaidi. Ile yenye miligramu 10 za kodeini na 6.25 za promethazini (dawa ya mzio inayoleta usingizi) katika kila mililita 5, kwa mfano, haipiti mililita 30 kwa saa 24. Soma pia nguvu ya chupa yenyewe. Ipo yenye miligramu 10 kwa mililita 5, na ipo yenye miligramu 15 kwa ujazo uleule. Aliyezoea mililita 10 za ile ya kwanza akabadilishiwa chupa bila kuambiwa, ametoka miligramu 20 na kufika 30.

Kijiko huleta madhara makubwa zaidi. Vijiko vya chai havilingani ujazo, na kijiko cha mezani hubeba takriban mililita 15, yaani mara tatu ya kipimo cha mililita 5. Mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 10 mara nne kwa siku, akipima kwa kijiko hicho, amemeza miligramu 120 badala ya 40, naye anaamini kabisa kwamba amefuata maelekezo. Tumia sirinji isiyo na sindano au kikombe chenye alama za mililita. Kikombe kiweke mezani na usome alama ukiwa umeinama kuilinganisha na macho, kwani ukikishika juu na kukitazama kwa pembeni utasoma sivyo. Andika saa uliyokunywa. Dawa huchukua kama nusu saa hadi saa moja kuanza kazi, na wengi huongeza dozi katikati ya muda huo kwa kudhani ya kwanza imeshindwa. Ukisahau dozi, iruke. Usiifidie kwa kunywa mbili pamoja.

Jambo lingine ni dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Mwambie mfamasia kila unachokunywa, hata ulichonunua bila cheti. Pombe, diazepamu na dawa nyingine za usingizi, tramadoli ya maumivu, pregabalini na gabapentini za maumivu ya neva, zote huelemea upumuaji upande uleule kodeini inakoelemea. Dawa nyingi za kikohozi na mafua tayari zina promethazini au klorfeniramini, hivyo anayeongeza kidonge cha mzio usiku huwa amezidisha usingizi mara mbili bila kujua. Kama mchanganyiko una parasetamoli, ihesabu pamoja na vidonge vya homa, jumla isizidi gramu 4 kwa siku. Antibiotiki za klarithromisini na erithromisini, ambazo mara nyingi huandikwa kwa kifua hichohicho, hupunguza uwezo wa mwili kuisafisha kodeini. Fluoksetini, dawa ya sonona, hufanya kinyume: huzuia isigeuke mofini, mgonjwa akaona dawa haifanyi kazi na kuomba kuongezewa. Siku atakapoacha fluoksetini, dozi ile kubwa itaanza kugeuka.

Kikohozi chenyewe nacho kichunguzwe kabla ya kunyamazishwa. Kodeini huzima kukohoa, na kwa mwenye makohozi mengi kukohoa ndiko kunakosafisha mapafu. Ukimzimia, makohozi hubaki ndani. Mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu, au anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini asiguse dawa hii bila daktari kujua hali hiyo. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, chenye damu, homa za jioni au kupungua uzito kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Na kikavu kisichoisha kwa mtu anayetumia enalapril au kaptopril ya presha, huenda kinasababishwa na dawa hiyo ya presha. Kikohozi cha mafua ya kawaida chaweza kufika wiki tatu kabla ya kwisha chenyewe, na kodeini haikifupishi hata siku moja. Kwa kweli ushahidi kwamba inakizidi kidonge kisicho na dawa ni dhaifu mno, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kuiandika mara chache kuliko inavyoandikwa sasa.

Ikiandikwa, iwe ya siku chache. Siku ya 5 ikifika bila nafuu, rudi kwa daktari, usirudi dukani. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla. Apunguziwe hatua kwa hatua. Dalili za mwili kuidai hufanana mno na mafua: kamasi, machozi, kupiga chafya, maungo kuuma. Mgonjwa huamini mafua yamemrudia, akafungua chupa tena, na hivyo ndivyo watu wasiokuwa na nia yoyote ya kulewa wanavyoingia kwenye uraibu. Kufunga choo na kusinzia ni vya kutarajiwa tangu dozi za mwanzo: kunywa maji ya kutosha, usiendeshe gari wala mashine.

Hatari ya kweli hutambulika kwa mambo matatu: haamki hata ukimtikisa na kumwita, anapumua polepole au kwa mikoromo ya kukwama, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Midomo ikigeuka rangi ya samawati au kijivu, muda umebaki mfupi. Piga simu ya dharura, mlaze kwa ubavu, kaa naye ukitazama kifua, na pumzi zikikoma mpulizie. Usimwache "alale dawa iishe". Kahawa, maziwa na kumtapisha havisaidii, na anaweza kupaliwa. Naloksoni, dawa inayozuia kazi ya kodeini na mofini, humrudishia pumzi, lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90, wakati kodeini bado imo mwilini. Hata akiamka na kuzungumza, lazima afike hospitali na chupa ipelekwe pamoja naye.

Iliyobaki irudishwe duka la dawa. Ikishindikana, ichanganye na mchanga, funga kwenye mfuko na uitupe mbali na watoto.

Kwa wafamasia na matabibu wenzangu nina ombi moja. "Kijiko kimoja kutwa mara tatu" iondoke kwenye lebo za dawa hii. Tuandike mililita, tuandike saa kati ya dozi na dozi, tuandike kikomo cha saa 24, na tusimtoe mgonjwa dirishani bila sirinji mkononi na bila kumwona akiipima dozi ya kwanza mbele yetu.

Mfamasia