Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Usalama Kazini na Uripotiji wa Ajali Shuleni

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wafanyakazi wa shule inanitaka nisome mbele yenu taarifa ya mwaka mzima, nami nitaisoma. Ila niseme mapema kwamba mengi mliyoyasikia kuhusu uongozi huu mliyasikia nje ya vikao, kwa sababu ndani ya vikao wengi hamkuwepo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulitembelea shule zote 9 zenye wanachama wetu. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika mara mbili. Tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, tulikagua ngazi, soketi na mitungi ya kuzimia moto, na mitungi 13 tukaikuta imepitwa na muda wa ukaguzi. Mmoja ulikuwa unazuia mlango wa stoo usijifunge. Fomu za kuripoti ajali ziligawiwa kila shule. Tuliwatembelea wagonjwa, tukawaaga wastaafu.

Tuligawa pia glavu na aproni kwa wenzetu wa jikoni na wa usafi. Hapo nakubali lawama, ingawa si ile mliyonitupia. Wapo waliolalamika kuwa glavu hazikutosha. Lawama ya haki ni kwamba hatukupaswa kuzinunua kabisa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika Ibara ya 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo ada zenu zilifanya kazi ya mwajiri. Hatutarudia.

Taarifa za ajali zilizotufikia mwaka huu ni 37: kuteleza na kuanguka 14, jikoni 7, maabara 5, karakana 4, kushambuliwa na mwanafunzi au mzazi 3, na 4 za mchanganyiko. Kati ya hizo 37, taarifa 22 zina sentensi moja tu. "Mwalimu alianguka." Alianguka wapi? Sakafu ilikuwa na maji au alikuwa amesimama juu ya kiti akibandika ramani? Nani alikuwepo? Fomu ina nafasi ya maswali hayo yote, niliichora mwenyewe usiku mbili mfululizo, halafu inarudi na maneno mawili.

Sasa niende kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo.

Mnajua kwamba mwenzetu mmoja, mtunza maabara, aliungua mkono na kifua wakati akijaza spiriti kwenye taa katikati ya somo la vitendo. Mnajua pia kwamba taarifa ya ajali hiyo niliipeleka kwa mkaguzi wa kazi kwa saini yangu, bila azimio la mkutano. Nimeitwa dikteta. Nimeitwa mtafuta sifa. Leo nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na katibu ana barua zote kwa anayetaka kuziona.

Ajali ilitokea Jumanne. Mimi nilipata habari Alhamisi jioni, kwa simu ya mtu asiye hata mwanachama. Ijumaa asubuhi nilikuwa shuleni pale. Nilipoomba kitabu cha ajali nilikuta mstari mmoja: "Aliungua kwa uzembe wake mwenyewe." Chini yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, cha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Huyu ni mtu anayejua kusoma na kuandika, ameandika lebo za chupa za kemikali kwa miaka mingi. Alitiwa gumba kwenye sentensi ambayo hakuisoma, siku aliyokuwa na maumivu makali.

Wapo miongoni mwenu mnaosema uzembe ulikuwepo. Nilimuuliza mwenyewe: taa ilikuwa bado ya moto? Akasema ndiyo. Kila aliyefundishwa maabara anajua taa ya spiriti hujazwa ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto wowote, kwa sababu mwali wake ni hafifu kiasi kwamba mchana unaweza usiuone kabisa. Hilo sibishani nalo. Lakini kulikuwa na wanafunzi zaidi ya 40, taa 4 na kipindi kimoja. Taa ikiisha spiriti, kundi zima linasimama na kukutazama. Nani kati yetu angeisubiri ipoe? Na alipoungua alikimbilia bomba, bomba halikuwa na maji. Kidonda cha moto kinatakiwa kipozwe kwa maji baridi yanayotiririka, dakika 20 hivi. Yeye alipakwa dawa ya meno. Blanketi la kuzimia moto lilikuwepo, limefungiwa kabatini, na ufunguo uko ofisini. Mstari ule wa kitabu cha ajali haukutaja bomba, haukutaja kabati, haukutaja ufunguo.

Lililoniuma zaidi nililikuta kwenye kumbukumbu za vikao vya walimu. Suala la maji ya maabara lilikuwa limesemwa mara mbili kabla ya ajali, na mara zote mbili katibu wa kikao aliandika chini ya "Mengineyo" kwamba "wajumbe walijadili masuala mbalimbali". Hayo masuala mbalimbali ndiyo yaliyomuunguza mwenzetu.

Niliandika barua kwa uongozi wa shule siku hiyo hiyo, nikaomba kitabu kirekebishwe na ajali iripotiwe inakostahili. Niliambiwa kwa mdomo, "Mwenyekiti, haya tuyamalize hapa hapa." Nilisubiri siku 7, majibu ya maandishi hayakuja. Nikaitisha mkutano wa dharura. Akidi yetu ni nusu ya wanachama, yaani 107. Walikuja 48. Tulikaa saa moja na dakika ishirini tukitazamana, katibu akipiga simu. Katiba haituruhusu kupitisha azimio bila akidi, na hilo hata wanaonilaumu wanalijua vizuri, maana wawili wao walikuwa kwenye kamati iliyoandika katiba. Kesho yake asubuhi nilipeleka taarifa.

Kwa hiyo mtu akisimama hapa akasema "mwenyekiti hakutushirikisha", namwomba kwanza aeleze alikuwa wapi siku ile saa tisa alasiri.

Kuhusu kufungwa kwa maabara: mkaguzi aliagiza isitumike hadi maji yarudi, kemikali zinazowaka ziwe na kabati lake, na vifaa vya kuzimia moto viwe mahali ambapo mkono unafika. Ilichukua siku 19 za kazi. Walimu wa sayansi walinikasirikia kwa ajili ya wanafunzi wao wa mtihani, na nawaelewa. Ndiyo maana nilizungumza mimi mwenyewe na shule ya jirani, wanafunzi wale wakafanya vitendo huko siku za Jumamosi. Sikumbuki kama kuna aliyelitaja hilo mahali popote. Basi nalitaja mimi.

Kuhusu nakala ya taarifa kuzagaa kwenye simu za watu: sikuisambaza. Nilimtumia mjumbe mmoja wa kamati tendaji kwa nia ya kupata ushauri, yaliyofuata siyajui. Jina la majeruhi halikuwemo, na kibali chake cha maandishi ninacho. Hata hivyo nakubali kwamba karatasi ya namna ile haipaswi kupita kwenye simu, na kamati imeshanieleza hivyo kwa lugha ambayo sitairudia hapa.

Swali la mwisho nililopokea ni kama tuna haki ya kuripoti kabla ya mkuu wa kazi kuridhia. Mkataba ule ule Na. 155, Ibara ya 19, unataka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake mara moja anapoona hatari kubwa iliyo karibu. Na mpaka mwajiri atakapochukua hatua, hawezi kumlazimisha mtu arudi kwenye hatari hiyo. Ibara ya 5 inataka wafanyakazi na wawakilishi wao walindwe dhidi ya adhabu kwa hatua walizochukua kwa kufuata sera ya taifa ya usalama na afya kazini. Mwaka 2002 ikaongezwa itifaki mahususi kuhusu kurekodi na kuripoti, na inagusa ajali za njiani kwenda kazini na matukio ya hatari, hata kama hakuna aliyeumia. Juni 2022 mazingira salama ya kazi yakaingizwa kwenye haki za msingi kazini, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama kama hiki. Najua mikataba huhitaji kuridhiwa na sheria za ndani kuandikwa. Lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba ajali ikitokea shuleni inyamaziwe kulinda jina la shule.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Ukiona waya umechubuka, usiseme chai ikiwa mezani halafu ukahesabu umeripoti. Andika tarehe, mahali, ulichokiona na uliyemwambia, nakala moja ibaki kwako. Ngazi ikiyumba nawe ukadaka ukuta, hiyo nayo ripoti. Kati ya taarifa 37, za namna hiyo, ambapo mtu alinusurika tu, ni 6. Mnataka kuniambia katika shule 9, mwaka mzima, watu walinusurika mara 6? Na wale 3 walioshambuliwa, mmoja alituomba radhi kwa kutusumbua. Mzazi akikupiga kibao ofisini, hiyo ni ajali ya kazi kama ile ya msumeno wa karakana, wala si aibu yako.

Mahudhurio. Tuliitisha mikutano 4. Walikuja 61, kisha 48 niliowataja, kisha 112, kisha 39. Ule wa 112 ulivumishwa kuwa una posho ya nauli. Haukuwa nayo, na nusu saa baadaye akidi ilikuwa imeshavunjika. Siwezi kuongoza chama kinachokusanyika kwa uvumi.

Ada. Wanachama kwenye daftari ni 214. Waliolipa ada yote ni 81, waliolipa nusu ni 46, na 87 hawajalipa chochote. Miongoni mwa hao 87 wapo 5 waliokuja kwangu mwaka huu wakitaka chama kiwasindikize kudai fidia. Tuliwasindikiza wote. Mweka hazina alinionya, na barua yake ipo. Nauli za safari mbili nilitoa mfukoni mwangu na sijaidai, lakini naomba iingie kwenye kumbukumbu.

Mwakani tunatarajia kuwa na mjumbe wa usalama katika kila shule, pale atakapopatikana wa kujitolea. Tunafikiria pia kuwaomba wakuu wa shule kitabu cha ajali kikae mahali ambapo kila mfanyakazi anaweza kukiona, na tutaendelea na mazungumzo kuhusu muda wa vipindi vya vitendo. Mafunzo ya huduma ya kwanza yatakuwepo hali ya fedha ikiruhusu.

Mwenzetu wa maabara amerudi kazini, vidole viwili bado havikunji vizuri. Kitabu cha ajali kimeandikwa upya, ukurasa mzima, na safari hii amesaini kwa kalamu. Ule mstari wa zamani haukufutwa, umekatwa kwa mstari mmoja ili bado usomeke, kama nilivyoshauri.

Fomu mpya ziko kwa katibu, pale mlangoni. Stakabadhi za ada ziko meza inayofuata.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti