Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa CCM: jina likikatwa, sababu zisemwe

Ndugu Katibu Mkuu, Dkt. Asha-Rose Migiro,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa mchujo wa mgombea urais umeupitia mwenyewe. Julai 2015 pale Dodoma uliingia tatu bora. Mkutano Mkuu ukakupa kura 59, Balozi Amina Salum Ali 253, John Magufuli 2,104. Kura hizo hazikuleta ugomvi. Ugomvi ulikuwa umeshaanza vikao viwili nyuma.

Makada 38 walirudisha fomu mwaka ule. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu watatu. Edward Lowassa alikatwa hatua ya kwanza, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe (Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa) wakajitenga na uamuzi huo mbele ya waandishi wa habari. Wapo wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa (NEC) walioimba ukumbini kwamba wana imani naye. Mwezi haujaisha, Lowassa yuko Chadema, na Oktoba akapata takriban asilimia 40 ya kura za urais. Sikuwa timu yake, lakini hadi leo sijasikia maelezo rasmi yanayotosheleza.

Sasa tazama 1995. Duru ya kwanza Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, kura zikarudiwa: Mkapa 686, Kikwete 639. Kura 47 tu! Kikwete aliyakubali matokeo, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, na 2005 chama kikampa zamu yake. Sisemi mwaka ule ulikuwa safi, maana hata wakati huo Lowassa alikatwa mapema. Ila waliofika ukumbini walishindwa kwa hesabu iliyosomwa mbele ya kila mjumbe, na anayeshindwa hivyo hana wa kumnung'unikia.

Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu ulipitisha jina moja. Rais aliyeko madarakani kuachiwa amalizie ni utamaduni wetu, sina neno. Lakini 2030 Katiba haimruhusu Rais Samia kugombea tena, na foleni ya kuchukua fomu itakuwa ndefu kuliko ya 2015.

Ninachoomba ni kanuni ibadilishwe mapema, kabla majina hayajaanza kutajwa na kila marekebisho kuonekana yamelenga mtu. Kamati Kuu iipelekee Halmashauri Kuu orodha ya waliokatwa na sababu zake kwa maandishi, aliyekatwa apewe nakala yake, na wajumbe wa NEC waweze kulirudisha jina kwa kura ya siri. Vikao vibaki vya ndani, siombi kamera. Na kama sababu ni ya usalama wa nchi, basi Mwenyekiti aitamke humo humo ndani, wajumbe waisikie kwa masikio yao.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi.

Mwanachama wa shina, Morogoro