Poti ya USB ya Raspberry Pi haisomi? Anza na chaja

Bodi nyingi za Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) tunazoletewa dukani kwa maelezo kwamba poti za USB zimekufa huondoka na poti zilezile. Kinachobadilika ni chaja.

Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3 kamili. Chaja ya simu inaweza kuandikwa ampea 3 na bado waya wake mwembamba ukala sehemu ya umeme njiani. Bodi itawaka, skrini itaonyesha picha, utaona mambo ni shwari mpaka uchomeke diski ya nje. Hapo diski inapotea, inarudi, inapotea tena, na lawama zote zinaangukia poti. Kabla hujashika bisibisi, andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

vcgencmd get_throttled

Ukijibiwa 0x0, umeme uko sawa. 0x50000 ina maana umeme ulipungua wakati fulani tangu uwashe bodi, hata kama sasa umetulia. 0x50005 ina maana unapungua hivi sasa unaposoma.

Hata chaja ikiwa nzuri, poti zote nne za Pi 4 kwa pamoja zina kikomo cha ampea 1.2. Diski ya kuzunguka, kamera na modemu kwa mpigo mmoja ni mzigo mkubwa. Tumia habu (kigawanyio cha poti za USB) yenye chaja yake. Waliohamia Pi 5 na chaja ya zamani ndio hushangaa zaidi: ikipata ampea 5 inatoa hadi ampea 1.6 kwa USB, ikipata 3 inajibana hadi 0.6. Mtandaoni utaambiwa uweke usb_max_current_enable=1 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya bodi. Inafanya kazi, ila haiongezi umeme ambao chaja haina. Sisi hatuipendekezi.

Umeme ukiwa safi, andika dmesg -w (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo), kisha chomoa kifaa na ukichomeke tena. Kama hakuna mstari hata mmoja unaotokea, badilisha waya; nyaya nyingi za bei rahisi ni za kuchajia tu. Ukiona error -71, mawasiliano yanavurugika, na mara nyingi ni waya tena. Ukiona over-current, chomoa kifaa hicho mara moja.

Modemu za intaneti zina ujanja wao. Nyingi hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na Linux inabaki kuiona CD hiyo. Kwa modemu za Huawei E3372 aina ya HiLink, lsusb (amri inayoorodhesha vifaa vya USB na namba zake) ikionyesha 12d1:1f01 bado ni CD. Ikigeuka 12d1:14dc imeshakuwa modemu. Sakinisha usb-modeswitch, programu inayoigeuza, kisha chomoa, chomeka. Poti haina kosa lolote hapo.

SSD (diski isiyozunguka) inayoganda, huku dmesg ikijaa maneno uas_eh_abort_handler, kwa kawaida inagombana na njia ya UAS (namna ya kasi ya kuwasiliana na diski za USB) kupitia chipu ya kasha lake. Chukua namba ya kasha kutoka lsusb, kisha ongeza usb-storage.quirks=152d:0578:u (weka namba yako) kwenye cmdline.txt, faili la maagizo ya kuwashia bodi, ndani ya mstari uleule uliopo. Kasi itapungua kidogo, lakini diski itatulia.

Poti zenyewe hufa lini? Kwenye Pi 4 zote nne hupita chipu moja, VL805. Ikiwa lsusb haionyeshi kabisa 2109:3431, habu iliyo ndani ya bodi yenyewe, jaribu sudo rpi-eeprom-update -a (inasasisha programu ya ndani ya bodi) na uwashe upya. Ikigoma, au ikitangaza over-current bila kitu chochote kuchomekwa, tuletee bodi pamoja na chaja na waya unavyotumia kila siku. Poti iliyovunjika ulimi tunaibadilisha. Chipu ya VL805 hatuigusi. Ikiwa ndiyo iliyoungua, tutakushauri ununue bodi nyingine.