Risala ya wakaazi kwa mgeni wa heshima, siku ya kupanda miti mtaani

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mzee wa mtaa, maimamu na wachungaji mliofika, kina mama, vijana, asalaam alaikum na hamjambo nyote.

Mgeni wetu karibu sana mtaani na pole kwa jua. Tumeambiwa risala iwe fupi, kwa hivo salamu zengine tumezikata tuingie kwa neno lenyewe, na neno lenyewe ni hizi flati.

Hapa hakuna anayepinga nyumba mpya, zile kota za zamani zilikuwa zavuja na vile vyoo vya kushiriki twavijua wenyewe. Lakini ukija jenga Mombasa vile wajenga Nairobi ushatuchoma. Jengo hilo nyuma yako mheshimiwa, madirisha yaangalia ukuta wa jirani, upepo hauingii, si kusi si kaskazi, usiku watoto hulala sakafuni na feni yazunguka mpaka tokeni ya stima iishe. Kuna mama hapa huomba chumvi jengo la pili kwa dirisha, mkono kwa mkono, acheni kucheka ni kweli.

Na si eti ujuzi hatuna. Nenda Kibokoni, kule Mji wa Kale, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene mkono wangu mpaka kiwiko, boriti za mikoko, ua katikati, vichochoro vyembamba ili nyumba hii iipe kivuli ile, saa saba mchana paka amelala barazani hana habari. Hatusemi turudi kuvunja matumbawe, la, twasema mhandisi akaone kwanza ndo aje achore.

Maji nayo ni kichekesho. Masika barabara yageuka mto, wiki mbili baadaye twanunua mitungi kwa mkokoteni, na paa lote hilo halina hata mfereji mmoja wa kuyapeleka kwa tangi.

Mwarobaini uliokuwa hapa, wazee wakinywa kahawa chini yake, ulikatwa kwa asubuhi moja ili lori lipate pa kugeuzia. Leo twapanda mengine 40, sawa, lakini Bamburi walianza na mivinje 1971 kwenye machimbo ya saruji, jiwe tupu, na sa hii ni msitu watu walipa kuingia kuona twiga. Kwa hivo isiwe twaambiwa hapa nafasi hakuna.

Ombi kubwa ni tuulizwe. Katiba ya 2010 yasema umma ushirikishwe, na kikao kweli tuliitiwa, Ijumaa saa saba, wakati wa swala. Waliosaini ile karatasi hatuwajui.

Mheshimiwa, pilau iko tayari na yanukia, twaona hata wewe waisikia. Lakini kabla ya kunawa twaomba upande nasi ghorofa ya nne, uweke kiganja kwa ukuta wa chumba cha watoto. Lifti haifanyi kazi, twapanda kwa ngazi.