Usahihi wa vihisi bila usalama ni nusu ya habari

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wenu wa kimya, na ningeendelea kunyamaza lau si makala yenu iliyosifu jinsi mitandao ya vihisi visivyotumia waya, yaani vifaa vidogo vinavyopima na kutumiana taarifa kwa redio, inavyofuatilia vitu vinavyotembea. Mlieleza kwa kirefu usahihi wa mita chache na betri zinazodumu, lakini usalama mliupa sentensi moja tu: kwamba data husimbwa, yaani hugeuzwa isisomeke bila ufunguo.

Mimi ni fundi wa mitandao hiyo. Katika kazi moja, kihisi kilitoweka usiku na siku ya pili kikakutwa mahali pake. Niliambiwa nisihangaike, kwa kuwa mawasiliano yalilindwa kwa ufunguo wa biti 128. Ufunguo huo ulikuwa mmoja kwa vihisi vyote, na aliyekichukua alikuwa ameshausoma kwenye kumbukumbu ya kihisi hicho. Kabla ya juma kwisha, skrini ilituonyesha gari likielekea lango la mashariki, ilhali lilikuwa limekwisha kutokea magharibi. Vihisi bandia, vikijitambulisha kwa namba za vihisi halali, vilituma vipimo vikali kuliko vya jirani zao, kana kwamba gari liko karibu navyo, na programu yetu, ambayo huvuta makadirio kuelekea penye kipimo kikali, ikavutwa. Kichujio cha Kalman, yaani hesabu inayolainisha vipimo vyenye makosa ili kukadiria njia ya kitu, kilichobuniwa mwaka 1960 kwa kudhani kwamba makosa ya vipimo ni ya bahati nasibu wala si ya kukusudia, kikaulainisha uongo ule hadi ukawa njia iliyonyooka ambayo hakuna aliyeitilia shaka. Aliyelaumiwa ni mlinzi wa zamu, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Tena hata usimbaji ukiwa imara, adui hahitaji kusoma ujumbe. Akiwa na antena anaweza kufuata mawimbi ya redio kutoka kihisi hadi kihisi, kinyumenyume, mpaka kwenye kile kinachofuatiliwa. Watafiti wanaohofia wanyama adimu kufikiwa na majangili kwa njia hiyo wamelieleza tatizo hili tangu miaka ya 2000. Makala yenu haikuligusa.

Ninaomba jambo moja. Mwandishi yeyote atakayewaletea tarakimu ya usahihi, mtakeni aeleze pia makadirio yanapotoka kwa mita ngapi endapo kihisi kimoja kati ya kumi kinadanganya kwa makusudi, na tarakimu hizo mbili mzichapishe katika sentensi moja.

Fundi wa vihisi