Mwanangu, swali lisome mpaka mwisho

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Hombolo. Sisi huku hatujambo, na bibi yako amepata nafuu ya miguu, anakusalimu sana. Tuko katikati ya mavuno ya zabibu, ndiyo maana unapokea barua badala ya kuniona mwenyewe. Kwenye simu ya shangazi yako nisingeweza kuyamaliza haya yote, na mengine nataka uyasome zaidi ya mara moja.

Karatasi zako za moko, ule mtihani wa majaribio wa darasa la saba, zimenifikia. Shangazi alimpa konda wa gari la huku, akazileta salama ndani ya bahasha. Nimeona 228 kati ya 300, nimeona na ile B. Shangazi kaniambia ulilia, hukutaka hata kula, kwa sababu A inaanzia 241 na kwa wasichana wanaopelekwa Msalato, ile sekondari ya vipaji maalumu unayoitamani, hata hiyo 241 huwa haitoshi. Ni kweli, mama. Shule za vipaji maalumu zinachukua walio juu kabisa, na nafasi ni chache. Sitakudanganya kwamba 228 inakufikisha huko. Lakini tulipokwisha kufunga kreti za jioni nilikaa na karatasi hizo kwenye taa ya sola, swali kwa swali, nikitafuta zile alama zimepotelea wapi. Nilichokiona kimenipa moyo kuliko ungenipa A bila mimi kujua umeipataje.

Tazama lile swali la mfanyabiashara wa zabibu kwenye Hisabati. Alinunua kreti kwa shilingi 20,000, akaiuza kwa shilingi 25,000, faida yake ni asilimia ngapi? Pembeni umeandika vizuri kabisa kwamba faida ni 5,000. Halafu ukaigawa kwa 25,000, ukapata 20, ukaangalia chini ukaiona 20 imekaa kwenye herufi B, ukafurahi ukasiliba herufi hiyo kwa penseli. Jibu ni 25. Asilimia ya faida inatafutwa kwenye bei ya kununulia, kwa sababu ndiyo fedha iliyotoka mfukoni. Hilo unalijua. Mwaka jana ulinifanyia hesabu hiyohiyo hapa shambani, kwa mdomo, bila karatasi. Sasa jiulize, kwa nini ile 20 iliwekwa pale? Aliyetunga swali aliijua njia ya mtoto mwenye haraka, akaifuata mpaka mwisho, akaliandika jibu lake kati ya majibu ya kuchagua. Kwa hiyo kulikuta jibu lako kwenye orodha si uthibitisho kwamba umepata.

Lingine ni 20 − 6 + 4. Umeandika 10. Najua ulikotoka: MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, na humo JU inatangulia TO, basi ukajumlisha 6 na 4 kwanza, ukatoa kwenye 20. Hapa naomba usimame kidogo, maana wengi wanaanguka papo hapo. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Vikikutana viwili hivyo peke yao unakwenda kama unavyosoma, kutoka kushoto kwenda kulia: 20 toa 6 ni 14, ongeza 4 ni 18. Kugawanya na kuzidisha nako ni vivyo hivyo. MAGAZIJUTO inasaidia kukumbuka, ila mtoto akiikariri bila kuielewa inamponza.

Na kwenye Sayansi, swali linauliza yupi kati ya hawa SI mamalia: popo, nyangumi, panya, mamba. Umechagua popo. Wewe! Wewe uliyemweleza bibi kwamba popo ananyonyesha, bibi akakataa kata kata! Nina hakika ulimwona popo wa kwanza, ukakumbuka kwamba ni mamalia, ukasiliba ukasonga mbele, na lile neno SI hukuliona kabisa. Hata mamba hukumfikia.

Nimezungushia maswali mengi ya namna hiyo. Yapo pia usiyoyajua kweli, hasa kwenye Uraia na Maadili na kwenye ufahamu wa Kiingereza, na hayo utayasoma. Lakini sehemu kubwa ya alama ulizopoteza ni za vitu unavyovijua. Hakuna twisheni itakayokurudishia hizo kwa kukuongezea mengine ya kukariri.

Ndiyo maana nimeamua jambo, na nimekwisha kuongea na baba yako na shangazi. Twisheni ya usiku basi. Ya mchana baada ya masomo utaendelea nayo, ya usiku hapana. Simdharau mwalimu wenu, anajitahidi, na darasa lenyewe limejaa. Lakini nilipokuuliza mnafanya nini usiku ulisema mnamaliza pepa mbili, mwalimu anasoma majibu, mnaweka vema au mkasi, mnaondoka. Swali ulilokosa linakwenda zake bila mtu kuuliza lilikoseka wapi, na wewe unazidi kuzoea mbio. Halafu unaamka saa kumi alfajiri kubukua tena. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hawezi kusoma swali kwa makini akiwa na usingizi machoni. Saa tatu usiku uwe kitandani. Mwalimu nitampigia mwenyewe, wewe usibebe hilo.

Badala yake fanya hivi. Kila siku chukua pepa ya nyuma, sehemu yake tu, maswali kumi yanatosha. Kwa kila swali pigia mstari kile kinachoulizwa hasa: SI, isipokuwa, kwa mita au kwa sentimita, bei ya kununulia au ya kuuzia. Tafuta jibu lako kwanza ukiwa umefunika majibu ya chini kwa mkono, ndipo ufunue. Ukikosa, usiandike jibu sahihi ukaondoka. Andika kwa maneno yako kwamba nilikosa kwa sababu hii. Daftari lile la jalada la kijani bado jipya, litumie kwa kazi hiyo peke yake. Wiki moja kabla ya mtihani utakuwa na cha kupitia kinachokuhusu wewe, kisichokuwa kwa mtoto mwingine yeyote.

Kuhusu fomu ya kusilibia. Penseli ni ya HB, na nimekutumia tatu pamoja na kichongeo na ufutio mweupe, maana ule mwekundu unachafua karatasi na fomu ile inasomwa na mashine. Ukiruka swali la 18 ili ulirudie, hakikisha la 19 unalisiliba kwenye 19. Kuna watoto wanaojua kila kitu, wakateleza mstari mmoja, na kuanzia hapo majibu yote yakakaa nyumba ya jirani. Kila baada ya maswali matano linganisha namba. Na usiache swali wazi, hata lile lililokushinda kabisa.

Masomo sita kwa siku mbili, wala si marefu ya kutisha. Asubuhi kunywa uji na ule kitu, mwambie shangazi asikupe chai tupu. Karanga nimekufungia. Upepo wa Septemba unavyotimua vumbi hapo mjini, beba na leso. Mkitoka pepa ya kwanza msikae kwenye vikundi kulinganisha majibu. Jibu limekwisha kuandikwa, na mwenzako anayesema kwa sauti kubwa si lazima awe amepata.

Nina jambo zito kidogo. Shangazi ameniambia kuna watu wananong'ona kwamba pepa zinapatikana kwenye simu, kwa fedha. Usisogee, wala usisikilize, hata anayekuletea awe mtu mzima unayemheshimu. Baraza la Mitihani likigundua udanganyifu linafuta matokeo, na likifuta ni miaka saba yako yote. Ukiambiwa neno la namna hiyo, mwambie shangazi siku hiyohiyo.

Sasa Msalato. Uliitaja mwenyewe ile siku tulipopita na basi la Kondoa, ukageuka mpaka kibao kikapotea. Mimi sikukuchagulia, na nimefurahi kwamba ni haja ya moyo wako. Ukiwa na alama za juu unaweza pia kupangiwa Kilakala kule Morogoro au Tabora Wasichana, kwa hiyo usiweke akilini kwamba ni Msalato au hakuna. Morogoro siku hizi kwa treni ya umeme ni mwendo mfupi. Tabora ni mbali, ila tutafika. Shangazi amezungumzia pia shule ya masista yenye mtihani wake wa kujiunga, ukitaka utaufanya, mradi ujue kwamba ada yake inategemea zabibu zitanunuliwaje mwaka huu.

Na ikija shule ya kata, utakwenda shule ya kata, na nitakushonea sare kwa furaha ileile. Mwaka niliomaliza mimi darasa la saba shule hizo zilikuwa bado hazijajengwa huku kwetu. Darasani kwetu walichaguliwa wawili, sisi wengine tukarudi shambani, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wewe ukifaulu una shule ya kidato cha kwanza, na serikali ilikwisha kufuta ada tangu 2016. Siwezi kuiita hiyo kushindwa. Nataka uingie chumba cha mtihani ukilijua hilo, mkono usitetemeke.

Popote utakapopangiwa, kuna jambo ambalo watoto wengi hawaandaliwi. Januari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, Kiswahili chenyewe ni kati ya machache yanayobaki. Mtoto aliyepata A ya Hisabati kwa Kiswahili anakaa mbele ya swali la kujumlisha sehemu na halielewi, anajiona mjinga, kumbe ni maneno tu. Nimeliona kwa binamu yako. Basi ukimaliza mtihani, pumzika, njoo huku ule zabibu mpaka uchoke. Baada ya hapo mpaka Januari tutasoma pamoja. Nimeazima kitabu cha Hisabati cha kidato cha kwanza kwa mwalimu jirani yetu, na mimi mwenyewe nitajifunza hayo maneno.

Jumapili ya wiki ijayo nakuja mjini na gari linalopeleka kreti. Ninakupa kazi moja. Nitungie maswali matano ya kuchagua ya asilimia, na kwenye kila moja weka majibu ya mitego kama wanavyofanya wao: lile la mwenye haraka, lile la aliyegawa kwa namba isiyo yake, lile la aliyesahau kutoa. Uyafiche, nawe shangazi asikusaidie. Nikifika nitayafanya mimi, na wewe utasahihisha.

Nakupenda sana.

Mama yako,
Hombolo