YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATENGENEZO YENU YALIYOZIMA SAUTI YA SIMU ZA KITUO CHETU CHA AFYA SAA ZA KAZI

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja wa Makampuni,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kituo chetu cha afya, ambacho simu zake zote za mezani zinapita kwenye mfumo wenu wa intaneti. Mkataba mnao, na kifungu cha matengenezo mmekiandika wenyewe, hivyo sitawapotezea muda kwa kukinakili hapa. Nataka maelezo ya maandishi, nataka radhi kwa mfanyakazi wetu wa mapokezi, na nataka ada ya mwezi huu irudishwe.

Jumatatu asubuhi, saa ambayo ukumbi wetu wa kusubiri huwa umejaa kuliko siku nyingine yoyote ya wiki, mafundi wenu walihamishia wateja kwenye seva mpya. Hatukupewa taarifa ya aina yoyote, si barua pepe wala ujumbe mfupi. Simu za mezani zilijizima zote kwa pamoja, zikawaka tena, zikaonyesha taa ya kijani. Tukadhani zimepona. Kumbe zilikuwa zinaita, tunapokea, tunamsikia anayepiga, lakini yeye hatusikii.

Ndipo akapiga mama mmoja, mtoto wake ana degedege. Dada wa mapokezi alimsikia vizuri kabisa: "Haloo? Haloo? Mtoto anakakamaa, nifanyeje? Haloo?" Akawa anamjibu kwa sauti ya juu hadi wagonjwa wakasimama: mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, mlete sasa hivi. Upande wa pili halikufika hata neno moja. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimewapigia nyinyi kwa simu yangu ya mkononi, na kijana wenu akaniambia: "Kwetu mfumo unaonyesha mko hewani. Kwani nyinyi hamna simu za mkononi?" Akakata.

Jumatano mlitutumia barua pepe kwamba tatizo lilikuwa "kasi ndogo ya intaneti kwa mteja". Naomba mtuheshimu. Simu moja ya aina hii, hata kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 ambayo haibani sauti, haifiki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Asubuhi hiyohiyo, kwenye faiba hiyohiyo, daktari wetu alikuwa akizungumza kwa video na mwenzake wa Mwanza, picha haikukwama. Isitoshe, Jumanne jioni sauti ilirudi yenyewe. Hakuna mtu wetu aliyegusa ruta wala waya. Kijana wetu wa TEHAMA alipowabana, fundi wenu mmoja alikiri kwa mdomo kwamba kwenye seva mpya milango ya kupitishia sauti ilikuwa haijafunguliwa. Alikiri Jumanne. Barua pepe ya kutusingizia ikaja Jumatano.

Na hiyo taa ya kijani mnayoitegemea kama ushahidi mnajua inamaanisha nini. Kwenye SIP, utaratibu unaotumiwa na simu za intaneti kuunganishwa, ishara za kujisajili na kuita zina njia yake, na sauti ina njia yake. Simu inaweza kujisajili kwenye seva vizuri kabisa huku sauti imekwama mlangoni. Mtu anayepokea malalamiko ya simu za intaneti kutwa nzima hapaswi kufundishwa hili na afisa utawala wa kituo cha afya. Kibaya zaidi, ule utaratibu wa dharura tunaoulipia kila mwezi, wa simu kuhamia namba ya mkononi mfumo ukianguka, haukufanya kazi kwa sababu hiyohiyo: seva yenu iliamini tupo. Tumelipia kinga inayolala siku ya hatari.

Hatukuwa wateja wa kulalamika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikayumba nchi nzima, hatukuwaandikia hata mstari mmoja, kwa sababu hilo halikuwa mikononi mwenu. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 tulinunua betri kwa fedha zetu ili ruta na simu za mezani zisizime. Sehemu yetu tumeifanya. Lakini hili la Jumatatu halikutoka baharini wala halikutoka TANESCO. Fundi wa bomba hafungi maji ya nyumba kabla ya kumwambia mwenye nyumba akinge ndoo.

Si mara ya kwanza. Mlipoweka toleo jipya la programu mwaka jana, namba zetu za ndani zilirudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Aliyetaka maabara akapelekwa stoo ya dawa, aliyetaka wodi ya wazazi akaangukia uhasibu. Mlituahidi wakati ule kwamba kuanzia hapo mtahifadhi nakala ya mipangilio kabla ya kugusa chochote. Ahadi hiyo ipo kwenye barua pepe zenu wenyewe.

Narudi kwa kijana wenu, kwa sababu barua pepe yenu ya Jumatano imelipita jambo hili kana kwamba halikutokea. "Kwani nyinyi hamna simu za mkononi?" Tunazo. Dada wa mapokezi alisoma namba ya yule mama kwenye kioo cha simu ya mezani, akaiandika kwenye kiganja, akampigia kwa simu yake mwenyewe, kwa salio lake mwenyewe. Ikawa inatumika. Inatumika kwa sababu yule mama alikuwa anarudia kupiga kwetu, namba iliyobandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wake, namba aliyoambiwa aitumie siku ya shida. Kila akipiga, simu ya mezani inaita, dada anapokea, anamsikia analia, yeye anasikia ukimya. Nilimweleza kijana wenu hayo yote. Nilimwambia kuna mtoto ana degedege kwenye laini. Nilimsogezea simu karibu ili asikie mwenyewe. Naye akacheka kidogo, akasema yeye kwake kuna kijani, tuzime tuwashe, na kwani hatuna simu za mkononi. Kisha akakata simu. Mlisema mazungumzo yote hurekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Yasikilizeni hayo.

Mtoto aliletwa na bajaji, akapata matibabu, yuko salama kwa neema ya Mungu. Dada wa mapokezi alijifungia chooni akalia, akatoka, akaendelea na zamu.

Kwa hiyo ada ya mwezi mmoja niliyoitaja mwanzo haitoshi, naiondoa. Tunataka ada ya miezi mitatu irudishwe, pamoja na gharama zote za simu za mkononi ambazo wafanyakazi wetu walizitoa mifukoni mwao tangu Jumatatu hadi Jumanne jioni. Tunataka radhi iandikwe kwa jina la dada wa mapokezi na isainiwe na mkuu wa idara, si na yule kijana.

Na kabla hamjagusa tena mfumo wetu: matengenezo yafanyike kati ya saa saba na saa kumi usiku, na taarifa itufikie kwa maandishi mapema, ili muuguzi wa zamu awe tayari na simu ya mkononi ambayo namba yake imetangazwa. Seva ya zamani iachwe hai sambamba na mpya mpaka mpya ithibitike, ili kurudi nyuma iwe kazi ya dakika chache na si ya siku mbili. Toleo jipya lijaribiwe kwenye simu moja, tuseme ya uhasibu, kabla ya kupelekwa mapokezi na wodini. Na fundi asifunge kazi kwa kutazama kijani. Apige, aongee, na mtu wa upande wetu aseme kwa mdomo wake kwamba amesikia, na fundi naye athibitishe kwamba amemsikia. Tupewe pia uwezo wa kuhamisha simu zetu wenyewe kwenda namba ya mkononi, kwa kubonyeza, bila kusubiri seva yenu iamue kama tumeanguka au la.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku saba za kazi. Si simu ya kutubembeleza, na si namba ya tiketi. Yasipofika, tutapeleka malalamiko haya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, pamoja na ile barua pepe ya Jumatano na maelezo ya fundi wenu aliyekiri. Ankara ya mwezi ujao hatutailipa mpaka shauri hili liishe. Na mkithubutu kukata laini za kituo cha afya kwa sababu ya ankara hiyo, mtakutana na mwanasheria wetu siku hiyohiyo, na tutaiomba mahakama isikilize ile rekodi yenu.

Wenu,

Afisa Utawala
Kwa niaba ya Mganga Mfawidhi

Nakala:
Mganga Mfawidhi
Mwanasheria wa Kituo
Dada wa mapokezi, kwa kumbukumbu zake